Tangazo la sabuni limeambiwa lina ubaguzi wa kijinsia: nilikague vipi?

Fremu30:
Habari za kazi, wakuu. Nina tangazo la sabuni ya kufulia: video ya sekunde 30 na picha 12 za mnato. Hakuna anayetukanwa wala aliyevuliwa nguo, lakini wakaguzi wawili wamelirudisha wakisema lina ubaguzi wa kijinsia, bila kuonyesha ulipo. Naomba njia ya kulipitia kipande kwa kipande. Tena mpiga picha anataka kupunguza kiuno cha mwanamitindo kwenye kompyuta. Nikiandika pembeni kwamba picha imehaririwa, inatosha?

Jicho_Kali:
Mkuu, mara nyingi ubaguzi umejificha kwenye mpangilio wa watu. Mwanasosholojia Erving Goffman aliuchambua miaka ya 1970 kwa kupanga picha nyingi za matangazo kando kwa kando. Mikono ya mwanamume imeshika kitu na inakitumia. Ya mwanamke inakipapasa tu, au inajigusa shavu. Mwanamume kasimama wima, mwanamke kaegemea au kalala. Macho ya mwanamume yako kazini, ya mwanamke yamezubaa pembeni.

Anza kwa kuzima sauti. Simamisha video kila baada ya sekunde 2, upate fremu 15, na kwa kila fremu andika nani anatenda, mikono inafanya nini, macho yanaangalia wapi, nani yuko juu ya mwenzake. Kisha funga macho usikilize: nani anaeleza jinsi sabuni inavyotoa doa, na nani anashangaa na kushukuru? Matangazo ya sabuni huangukia hapa. Mwanamke amefua miaka yote, halafu sauti ya mwanamume inakuja kumfundisha kufua. Hesabu sekunde za kuongea, usihesabu vichwa. Wanawake wanne walio kimya hawasawazishi chochote.

Mwisho, geuza jinsia za wahusika wote kwenye mswada. Mandhari ikigeuka kichekesho, umeshalipata tatizo.

Mswada_Safi:
Naongezea kwa Jicho_Kali: kagua pia mfuatano. Uingereza ina kanuni dhidi ya dhana za kijinsia zenye madhara tangu tarehe 14 Juni 2019, na Agosti mwaka huo mamlaka ya matangazo, ASA, ilizuia matangazo mawili ya kwanza. La gari la umeme la Volkswagen lilionyesha wanaanga wa kiume na mwanariadha wa kiume mwenye mguu bandia akiruka, kisha mwanamke ameketi kando ya kigari cha mtoto. Mama kukaa na mwanawe hakuna ubaya wowote. Kilicholiponza ni kumweka baada ya wanaume wanaofanya makubwa. La jibini la Philadelphia liliwaonyesha akina baba wakinogewa na chakula hadi watoto wao wakabebwa na mkanda wa kupitishia vyakula. Yaani mwanamume hawezi kulea. Dhana hizi zinawaumiza wanaume pia.

Kanuni hiyo haikatazi kumwonyesha mwanamke akifua. Inachokataa ni familia nzima kuchafua, baba kanyoosha miguu, na usafi ukawa mzigo wa mama peke yake. Kwa hiyo usimwondoe mama. Mpe baba beseni.

Lenzi85:
Kuhusu kiuno: usikiguse. Ufaransa, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, picha ya biashara iliyopunguza au kunenepesha umbo la mwanamitindo lazima iandikwe kuwa imehaririwa. Faini ni euro 37,500, na inaweza kufika asilimia 30 ya gharama za tangazo. Norwei ilifuata tarehe 1 Julai 2022, ikajumuisha ngozi na hata watu wanaolipwa kutangaza kwenye kurasa zao. Maandishi hayo yanamweleza mtazamaji ukweli, ila majaribio mengi yaliyopima athari yake hayakuona watu wakiacha kujilinganisha na kujichukia. Wakati mwingine jicho hukimbilia palepale palipotajwa.

Mara nyingi hamu ya kuchonga kiuno huanzia kwenye upigaji. Lenzi pana ya mm 24 ikiwa karibu huvimbisha kilicho mbele na kuvuta kilicho pembeni. Kwa mwili mzima tumia mm 85 kwenye kamera ya fremu kamili (full frame), simama mita 5 hivi, kamera iwe usawa wa kiuno au kifua. Nguo nazo: leta saizi moja chini na mbili juu. Blauzi inayobana hukunjamana kiunoni, na lawama humwangukia mwenye mwili.

Fremu30:
Asanteni sana. Nitajuaje kama mhariri kachonga kimyakimya?

Lenzi85:
Dai faili ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera, na sharti hilo liwekwe kwenye mkataba. Laza picha iliyohaririwa juu ya ghafi, punguza uzito (opacity) wa tabaka la juu hadi asilimia 50 ili la chini lionekane, kisha kuza. Kingo za mwili zikionekana mbilimbili, umbo limesogezwa. Bila faili ghafi, angalia mistari iliyo nyuma ya kiuno na mapaja: vigae, fremu ya mlango, ukingo wa meza. Ikipinda karibu na mwili tu, pamechongwa. Kwenye mkataba ruhusu mwanga, rangi, vumbi na chunusi ya kupita. Kataza umbo, ukubwa, rangi ya ngozi na makovu, na kwa wanaume taja wazi mabega na misuli ya tumbo, maana huko wahariri huongeza bila kuulizwa.