Homa baada ya kutolewa mawe ya figo: tupeane uzoefu

Assalaam aleykum. Wengi hurudi nyumbani wakijua jiwe limetoka, basi yamekwisha. Mnaotibu na mnaouguza, maambukizi huingia wapi?

Nesi wa Wodi
Waleykum salaam. Anzia kabla ya upasuaji: mkojo uoteshwe maabara ionekane kama una bakteria, kuchovya kijiti cha kupimia hakutoshi. Jisafishe, mwaga wa mwanzo, kinga wa katikati. Kopo lifike ndani ya saa 2 au likae kwenye friji. Usimeze antibayotiki yoyote kabla ya kutoa mkojo huo. Hata vidonge viwili vya dukani vinaweza kuficha bakteria waliomo.

Maabara Chake
Naongeza: mkojo safi si jiwe safi. Yapo mawe yanayojengwa na bakteria kama Proteus, nao hukaa ndani yake. Likivunjwa wanatawanyika, na maji ya kusafishia yakisukumwa kwa nguvu huwaingiza kwenye damu. Ndiyo maana daktari akikuta usaha nyuma ya jiwe haendelei kuvunja. Huweka mrija, hutibu, mkarudi siku nyengine. Jamaa hukasirika, lakini hapo ameokoa mtu. Ombeni na kipande cha jiwe kioteshwe.

Bi Mkubwa wa Wete
Saa 48 za mwanzo msilale mbali na mgonjwa, hasa mwenye sukari. Mkojo mwekundu kidogo, haja ya mara kwa mara, kiuno kuuma anapokojoa: hiyo ni stenti, ule mrija unaoachwa ndani kati ya figo na kibofu, atastahamili. Homa ya 38 kwenda juu, kutetemeka mpaka kitanda kinagonga, pumzi za haraka, maneno kumpotea, mkojo kukauka: hospitali usiku huohuo. Msimpe panadoli mkangoja asubuhi, wala msidhani malaria mkamaliza. Aliyeko Micheweni, huku Pemba, asisubiri boti ya Unguja. Aende hospitali ya karibu, atolewe damu ya kuotesha, aanzishiwe dripu na antibayotiki ya mshipa, ndipo mzungumze kusafirisha.

Nesi wa Wodi
Kweli kabisa, bibi. Na hiyo stenti ina tarehe ya kutoka. Iandikwe kwenye kadi, na mtu mmoja wa nyumbani aijue. Ikisahaulika miezi hujengeka mawe juu yake, kuitoa kukawa upasuaji mwengine. Maji anywe mpaka mkojo ufike kama lita 2.5 kwa siku, ila mwenye moyo au figo dhaifu aulize kwanza. Ramadhani ikikuta stenti bado imo, muulizeni daktari kabla ya kutia nia.