E5-Mistral au BGE-M3 kwa kutafuta nyaraka za kilimo?

Mtafuta_Kampala: Ndugu wanajukwaa, ofisi yetu inakusudia kununua seva itakayotafuta nyaraka za ugani kwa kufuata maana, badala ya kulinganisha maneno tu, nami natakiwa kuwasilisha pendekezo mwisho wa mwezi. Nimebakiwa na modeli mbili zinazogeuza maandishi kuwa vekta, yaani orodha za namba zinazobeba maana: E5-Mistral na BGE-M3. Ipi ni bora?

Mkutubi_Jinja: Ssebo, hujasema nyaraka ni ngapi, zina urefu gani, wala wakulima watauliza kwa lugha ipi. Vekta moja ya E5-Mistral ina namba 4096, ya BGE-M3 ina 1024, kwa hiyo hifadhi inakua mara nne. Tena E5-Mistral ni modeli ya parameta bilioni 7 (namba za ndani inazojifunza); ikipakiwa kwa biti 16 kwa kila parameta, hula takribani gigabaiti 14 za kumbukumbu ya GPU, chipu inayoiendesha, kabla haijapokea swali lolote.

Fundi_Mbale: Gharama hiyo ina faida yake. Watafiti wa Microsoft walizitumia modeli kubwa za lugha GPT-3.5 na GPT-4 kutunga mifano ya mafunzo katika lugha 93, kisha wakaifunza Mistral, modeli iliyo msingi wa E5-Mistral, kwa hatua zisizofika 1000. Sisi tusio na data tungengoja nini zaidi?

Mkutubi_Jinja: Watafiti haohao waliandika kwamba katika lugha zenye data chache ilizidiwa na E5 ya lugha nyingi, iliyo ndogo kuliko yenyewe, kwa kuwa Mistral ilisomeshwa Kiingereza zaidi.

Mgani_Masaka: Data ya kutungwa nayo ina hila zake. Kampuni moja tuliyoipa kazi ya kufunza modeli ya utafutaji iliiagiza modeli kubwa ya lugha itunge swali kwa kila aya ya nyaraka zetu, na maswali yakatoka yamebeba maneno yaleyale ya aya, hivyo katika majaribio yao utafutaji ulionekana hauna dosari. Wafugaji walipoanza kuutumia, waliandika kwamba kuku wanazubaa, wanapinda shingo na kufa ghafla, ilhali waraka unautaja ugonjwa huo kwa jina tu, mdondo. Wakaletewa aya za ujenzi wa mabanda. Katika mafunzo hakukuwa na mifano ya aya zinazokaribiana na jibu bila kuwa jibu, na hiyo ndiyo inayoifundisha modeli kutofautisha. Tulilipa mara mbili.

Mtafuta_Kampala: Nashukuru. Wengi watauliza kwa Luganda, wengine kwa Kiswahili.

Fundi_Mbale: Mkulima gani wa Uganda atauliza kwa Kiswahili?

Mgani_Masaka: Njoo sokoni Busia, mpakani na Kenya, ndugu. Isitoshe, Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005.

Mkutubi_Jinja: Kwa Luganda, anza na data ya SALT ya shirika la Sunbird AI na Chuo Kikuu cha Makerere, yenye sentensi sambamba (zenye maana moja) za Luganda, Acholi, Ateso, Lugbara na Runyankole. Ni jozi zilizoandaliwa kwa tafsiri, lakini zinafaa pia kuzifanya vekta za lugha hizo zikaribiane. Mimi ningeifunza BGE-M3 kwa jozi hizo.

Fundi_Mbale: Sentensi fupi za tafsiri hazifanani na maswali ya mfugaji. Bado nasimama na Mistral. Na umeme wa ofisi yenu ukoje, ssebo? Huenda kukodi seva kukawa nafuu kuliko kununua.

Mkutubi_Jinja: Idadi ya nyaraka bado hatujaambiwa.