Nimekwama kwenye msingi, niuze kiwanja au nibadili ramani?

Mpangaji_Tabata
Wakuu habari zenu. Nina kiwanja Chanika, kimepimwa na hati ninayo. Ramani ni vyumba vinne, kimoja masta, sebule, dining, jiko na stoo. Msingi wote nimeshapandisha, bado jamvi (zege la sakafu), hapo ndo pesa ikakata. Mshahara unaishia kwenye ada za watoto na kodi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Wife anasema tuuze tufungue biashara, kiwanja tutanunua kingine baadae, mi moyo unakataa kabisa maana kuhamia kwetu nimekuwaza toka naanza kazi. Nivumilie na ramani ileile au nifanyeje?

Kibarua_Huru
Usiuze mkuu. Hiyo pesa ukiiweka kwenye biashara ikayumba, huo msingi huuoni tena. Lengo lako si ni kuacha kupanga? Sasa kuacha kupanga hakuhitaji vyumba vinne. Piga banda la uani, vyumba viwili na choo, hamia, kodi ya kila miezi sita igeuke tofali. Vyumba viwili vya mita 3 kwa 3 vilivyoshikana, ukuta mita 3 kwenda juu, ukitoa milango na madirisha ni kama tofali 600 juu ya msingi, hiyo unaiweza.

MamaJunior_Mbagala
Kaka pole, hii hali naijua. Mimi nilichobadilisha ni namna ya kutunza hela. Ikikaa kwenye simu inaliwa, leo msiba kesho mgonjwa, na huwezi kukataa maana ni ndugu. Nikaanza kununua tofali kila nikipata, hata hamsini hamsini, zinapangwa saiti, hakuna atakayekuja kukukopa tofali. Ila simenti usinunue ukaiweka, ikipita miezi mitatu inaanza kuganda hasa kwa joto la huku na unyevu, nunua siku fundi yupo. Na tofali usikimbilie za bei ya chini. Mfuko wa kilo 50 ukitoa tofali 30 mpaka 35 za inchi sita unapata kitu kigumu, kuna watu wanafyatua nyingi kuliko hapo, ukizishusha kwenye gari zinamomonyoka. Ukiweza fyatua mwenyewe hapohapo, uzimwagilie wiki nzima. Na wifi usimpuuze, kaa nae umuulize hasa anaogopa nini, pengine amechoka tu na mwenye nyumba.

Fundi_Pugu
Nachangia kama fundi. Banda la uani si baya ila mkuu ana msingi tayari, kwa nini akachimbe mwingine? Afanye nusu ya nyumba ileile. Amwage jamvi vyumba vya upande mmoja tu, apandishe, afunge lenta (mkanda wa zege na nondo juu ya milango na madirisha), pale ukuta utakapoendelea mbeleni aache meno ili tofali mpya zishikane na za zamani. Nondo zinazobaki nje azipake simenti nyepesi zisiliwe na kutu. Hati nayo ina sharti la kuendeleza ndani ya miezi 36, asome tarehe yake, kiwanja kikikaa pori muda mrefu ni kujitafutia usumbufu.

Kibarua_Huru
Fundi hapo kwenye paa unamwambiaje? Nusu nyumba ukiipaua sio hasara, siku akimalizia si atabomoa lote?

Mpangaji_Tabata
Asanteni sana wakuu, MamaJunior ubarikiwe, nimemsomea wife hii comment yako akanyamaza kidogo afu akasema kama tutahamia ndani ya nusu nyumba yeye yuko tayari hata bila plasta. Kuuza tumeshaachana nako. Fundi na mimi nauliza hilohilo la paa, na nianzie upande gani?

Fundi_Pugu
Anzia masta, kwa sababu choo kiko ndani, maji na shimo unavimaliza mara moja, ongeza na chumba kinachopakana nayo kiwe cha watoto, jikoni mtapikia nje kwa sasa. Paa lifanye la mgongo mmoja, mteremko uelekee nyuma, mbao na bati utazifungua baadae uzitumie tena kwenye paa kubwa, ila mwambie fundi asizikate hovyo, zilalie kwa urefu wake. Na kabla hujaanza pitia mipango miji na kibali chako uwaambie unajenga kwa awamu. Ukishapata tofali za vyumba hivyo viwili rudi hapa tukupigie hesabu ya lenta.