Ushauri wakuu: nichukue mkopo nifungue yadi ya vifaa vya kale, au niendelee hivi hivi?

MwanaVigae
Salamu wakuu. Nina miaka sita kwenye kazi ya bustani hapa Mombasa, zaidi Nyali na Shanzu. Nilianza na reki, panga na mkokoteni wa kuazima. Kilichonitenga na wenzangu ni ugonjwa mmoja: siwezi kupita nyumba ya zamani inabomolewa nikaendelea na safari yangu. Lazima nisimame niulize vigae vinapelekwa wapi. Vile vyekundu vya paa vya Mangalore, India, ukikigeuza kimoja unakuta muhuri wa kiwanda mgongoni. Kimoja cha kiwanda cha Basel Mission naweka birika juu yake kila asubuhi. Vigae nazungushia matuta, boriti nafanya kivuli, mawe ya matumbawe ya kuta nafanya baraza za bustanini. Wateja wanapenda, wamechoka na mawe bapa ya Mazeras kila nyumba.

Sasa vitu vimejaa uani kwa mama mkwe Kisauni mpaka kuku hawana pa kulala. Chama chetu cha akiba kiko tayari kunikopesha 800,000. Nimeona kiwanja cha kukodi Mtwapa, kando ya barabara. Nichukue? Wiki ya tatu hii silali.

KaptenWaFeri
Mama mkwe anayekubali matofali uani kwake ni hazina. Huo mkopo mpe yeye.

MzeeMvinje
Kijana, mimi nakuuliza jambo jingine. Hayo matumbawe unayaweka karibu na mimea gani? Jiwe lile ni chokaa tupu. Likichujika na mvua udongo unabadilika, ukipanda kilua au asumini za watu unashangaa majani yamekuwa manjano na mishipa imebaki kijani. Mteja atasema umemuuzia miche mibovu.

Mimi nilifundishwa na mzee aliyefanya kazi machimbo ya Bamburi, pale panapoitwa Haller Park leo. 1971 palikuwa jiwe jeupe tu, hata nyasi hakuna. Walijaribu miti chungu nzima, mvinje ndio ukakubali zaidi. Lakini majani yake yakaanguka yakalala hapo hayaozi, mpaka wakaletwa jongoo wakayala, ndipo udongo ukapatikana. Jongoo! Sisi tunawakanyaga. Mzee wangu alikuwa akimkuta jongoo njiani anamvusha kwa kijiti.

MwanaVigae
Shikamoo mzee. Kweli kabisa, kilua viwili vilinifia Shanzu nikalaumu mbolea. Lakini hebu nisaidieni la yadi.

BintiKuze
Yadi usifungue. Binamu yangu alifungua ya vyuma na mbao za zamani Changamwe. Kodi inahesabu kila mwezi, kigae hakizai. Halafu mlinzi mwenyewe ndiye aliyekuwa anauza usiku. Vitu vya kale mteja wake ni mmoja kwa mwaka, na huyo mmoja anataka kile ambacho huna. Kama lazima, kodi nusu kiwanja, weka na miche. Miche ndiyo italipa kodi, vigae vikae vikingoja bwana wao.

Na ukijenga hizo baraza tumia chokaa, usitie saruji kwenye tumbawe. Ukuta wa tumbawe unavuta unyevu na kuutoa, saruji inauziba, baada ya muda jiwe linamumunyuka kama biskuti kwenye chai. Kwetu tulipiga saruji ukumbi mzima, sasa kila ukiegemea unaondoka na unga mgongoni.

Kichuguu
Nimesoma mara mbili. Mkopo hujauchukua, kiwanja hujalipia, na bado wiki ya tatu hulali. Kuna kitu hujasema. Mkopo wa kuwaza tu haumkeshi mtu.

MwanaVigae
Biashara ina presha kaka.

Kichuguu
Presha gani?

MwanaVigae
Sawa. Kuna mteja Kikambala anajenga jumba, bustani yote kanipa mimi. Anataka lango la bustani liwe mlango wa kuchonga, wa asili, si wa kuigiza. Kanipa arubuni 350,000. Mlango ninao. Sharti lake niwe na yadi na ofisi, anataka risiti inayoeleweka. Ndiyo maana ya mkopo. Hakuna kilichojificha.

KaptenWaFeri
"Mlango ninao." Kama mtu anayesema kalamu ninayo.

BintiKuze
Unao kutoka wapi?

MwanaVigae
Mji wa Kale. Nyumba yenyewe nusu imeshaanguka, paa hakuna. Mlango ulikuwa unaliwa na mchwa. Nimeuokoa. Mti wa mbambakofi, mzito, wanaume wanne tuliubeba, mfaa, ule ubao wa katikati, una ufa mdogo chini lakini michoro yote ipo, tumbuu na mnyororo wake vipo. Kizingiti cha juu kimechongwa mwaka, 1318.

WakiliWaBaraza
Umejifunga mwenyewe. 1318 ya Hijria ni kama 1900. Sheria za turathi za Kenya zimeutaja mlango waziwazi: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946 ni kitu kinacholindwa. Hata kama ni wako. Kabla hujauza wala kuuhamisha tena nenda ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale ukaulize. Wao huwa wanaongea na mtu vizuri, shida inaanza wakikufuata wao.

Na huo mlango haujachongwa kukaa bustanini unyeshewe masika yote. Ulikuwa na baraza mbele na paa juu.

Kichuguu
Nyumba ni ya nani?

Kichuguu
Mbona kimya?

MwanaVigae
Ya marehemu nyanya yangu. Kabla hamjaanza: mimi ni mjukuu, nina haki. Mama yangu alikuwa na fungu lake, kafa hajalipata. Dada zake watatu na kaka zake wamekaa miaka kumi na moja wanabishana nani atengeneze paa, hakuna aliyeleta hata bati moja. Mimi nikija na nyundo ndiyo naitwa mwizi? Ningeuacha mchwa wangeumaliza na hakuna ambaye angefungua uzi humu kuwalaumu mchwa.

BiMkubwaMakadara
Mwanangu, nani kakuita mwizi? Neno umelileta wewe.

Mirathi haigawanywi kwa nyundo. Ungewapigia simu hao wazee wako, ukawaambia mlango unaharibika naenda kuuhifadhi, wangekuombea dua. Sasa umeutoa usiku au mchana?

MwanaVigae
Shikamoo Bi Mkubwa. Alfajiri.

BiMkubwaMakadara
Marahaba. Alfajiri watu wanakwenda msikitini, wewe unakwenda na mkokoteni.

Kengewa
Jamani mnachezewa. Mwezi wa nne huyu huyu aliandika humu anaendesha tuktuk Bamburi na kaachwa na mke. Leo ana mama mkwe, miaka sita ya bustani na jumba Kikambala. Huu ni utunzi. Au ni tangazo: kaweka mbao, kaweka umri, kaweka ufa mdogo. Imebaki bei tu.

KaptenWaFeri
Na jongoo pia wa kutunga? Mimi nilishaanza kuwavusha.

MwanaVigae
Tuktuk nilikuwa naendesha usiku, bustani mchana. Mke tulirudiana Ramadhani. Nikuletee na cheti?

Kengewa
Lete picha ya mlango.

MwanaVigae
Siweki picha, dada za mama wana simu.

Kichuguu
Hapo mimi namwamini. Mtunzi angeweka picha ya kuokota mtandaoni. Na mtunzi hajui mfaa ni nini.

Kengewa
Muuza milango anajua.

BintiKuze
Mwanavigae, kweli au si kweli, jibu langu ni hili. Rudisha arubuni ya mlango, baki na kazi ya bustani. Mteja anayekuja kwa ajili ya mikono yako hatakimbia kwa kukosa mlango. Mtafutie fundi wa Lamu amchongee mpya.

MwanaVigae
Arubuni nimeshatumia 200,000. Nilinunua boriti na nikalipa karo.

Kichuguu
Hiyo sasa ndiyo haikulazi.

MwanaVigae
Ijumaa baada ya swala nitampigia dada mkubwa wa mama. Nitamwambia umehifadhiwa. Siyo uongo, uko chini ya turubai.

BiMkubwaMakadara
Mpigie leo. Ijumaa ana wageni.

Salama_Mtopanga
Habari zenu, nimechelewa kuuona uzi. Vigae vya Mangalore bado vipo? Nahitaji kama 300 vya kuzungushia kisima.

MwanaVigae
Vipo dada, vizima kabisa. 60 kimoja, ukichukua vyote nakuletea mpaka mlangoni.

KaptenWaFeri
Mlangoni kwa nani?