Tupeane uzoefu: Samadi na mboji kwenye shamba la karanga

Wakuu, habari za majukumu. Nalima Kongwa, Dodoma. Huku wengi bado wanaamini karanga haidai kitu: fukia mbegu, palilia, ng'oa. Ni kweli karanga hujipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Pasua kinundu kwa kucha, ukikuta wekundu ndani ujue kinafanya kazi. Ila zao hili hutunga chini ya ardhi. Ua likishachavushwa hutoa kijiti kinachoinama na kujichimbia udongoni, na udongo ukiwa mgumu kijiti hakizami, basi hapo hakuna karanga.

Udongo wetu mwekundu ukikauka ni kama tofali. Waingereza waliuonja hapahapa Kongwa walipoanza mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947. Walikuja na matrekta, lakini kiangazi ardhi ilikaza, mvua nazo zikawa haba, na mwaka 1951 mradi ukaachwa.

Mimi natawanya samadi ya ng'ombe iliyoiva, kama tani 2 kwa ekari, kabla ya kulima ili ichanganyike na udongo wa juu. Tofauti naiona siku ya kung'oa: shina linatoka na karanga zake. Zamani nyingi zilikatikia chini, ikabidi turudi na majembe kuzifukua. Wenzangu mnafanyaje?

Jembe la Singida: Mkuu, hapo kwenye "iliyoiva" pakazie. Jirani yangu alitoa samadi mbichi zizini moja kwa moja hadi shambani. Majani yalistawi hadi wapita njia wakasimama kutazama, chini karanga za kuhesabu, na mchwa wakamaliza zilizokuwepo. Mimi samadi nyingi naiweka kwenye mtama, msimu unaofuata hapohapo napanda karanga. Mtama unakula ule ukali, karanga inakuta udongo laini.

Mama Shamba: Kaka, nakuunga mkono. Nyongeza yangu ni kwa wanaopata maganda makubwa, ukibangua ndani hewa tupu. Mara nyingi hapo kinachopungua ni kalsiamu, na ganda la karanga huinyonya lenyewe kutoka kwenye udongo unaolizunguka, halisubiri mizizi. Mimi nachanganya mboji na majivu ya jikoni pamoja na mbolea ya kuku wa mayai iliyokaa hadi ikaacha kunuka. Naweka kwenye mstari kabla ya kupanda. Punje zimejaa, hata wanunuzi wameacha kunikata bei.

Mwana Masasi: Sisi wa kusini kichanga chetu ni laini tayari, tatizo hakishiki maji wala rutuba. Ng'ombe hatuna wa kutosha. Nilichofanya ni kuacha kuchoma mabaki. Ukishang'oa karanga shina zima na kuliacha liungue, ile naitrojeni yote iliyokuwa kwenye majani umeirusha hewani! Majani nawapa mbuzi, samadi yao inarudi kwenye shimo la mboji na nyasi, nageuza mara kwa mara na kumwagia maji. Maganda yenye ukungu siyarudishi kabisa.

Mgeni Shambani: Naomba kuuliza, je, samadi inasaidia kupunguza sumukuvu?

Mwanzisha mada: Ndugu, inasaidia kwa njia ya kuzunguka. Kuvu wake wako udongoni, na karanga ikipigwa na ukame wakati punje zinajaa ndipo wanapoingia kirahisi. Udongo wenye mboji unashika unyevu muda mrefu zaidi. Lakini ukichelewa kung'oa, au ukianika chini kwenye vumbi na kuweka ghalani bado zina maji, samadi haitakuokoa. Anika juu ya turubai au kichanja, hadi ukizitikisa zilie ndani ya ganda.

Mama Shamba, hayo majivu unaweka kiasi gani kwa mstari? Nataka niyajaribu kwenye kipande kimoja msimu huu.

Mama Shamba: Konzi moja kwa hatua, nayachanganya na udongo kwanza. Mbegu isikae juu ya majivu matupu.