Mjadala: Los Angeles na New Jersey konferensi moja, huo ujirani uko wapi?

Mleta mada

Wakuu, hili jambo tunalijadili nusu nusu kwenye magrupu ya wasapu, mmoja anasema ni hela tu, mwingine anasema utamaduni umekufa, alafu mtu anatuma video ya harusi na mada inaishia hapo. Tuliweke mezani lote leo.

Kwa wasiofuatilia michezo ya vyuo Marekani, vyuo huku vinajipanga kwenye makundi yanaitwa konferensi, na hizo ndo ligi zenyewe, ratiba, ubingwa, hela za TV, vyote vinapita humo. Zamani konferensi ilikuwa ni eneo. Pac-12 ilikuwa ya magharibi tangu 1915, Big Ten ya kule Ohio na Michigan na Iowa, SEC ya kusini. Sasa Juni 2022 USC na UCLA, wote wa Los Angeles, wakatangaza wanahamia Big Ten. Mwaka uliofuata Colorado akaaga Julai, tarehe 4 Agosti Oregon na Washington wakaenda Big Ten na siku hiyo hiyo Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12, konferensi ya kina Texas na Oklahoma wakati huo, Septemba mosi Stanford na Cal, yaani chuo cha California kilichoko Berkeley, wakaingia ACC ambayo ni konferensi ya pwani ya Atlantiki, na hawa jamaa wanaamka upande wa Pasifiki. Wakabaki wawili, Washington State na Oregon State. Konferensi ya miaka zaidi ya 100 ikabaki na watu wa kupanda bajaji moja na siti ikabaki.

Hoja yangu ni hii. Kila konferensi ikiongeza timu wakubwa wanashika maiki wanasema huyu tunaendana naye, elimu yake kama yetu, maadili yake kama yetu. Mi nasema kuendana si kufanana. Washington na Washington State wote wa jimbo moja la Washington, hawafanani hata kidogo, mmoja yuko Seattle mjini kwenye makampuni ya teknolojia, mwingine yuko Pullman, mji mdogo katikati ya vilima vya ngano karibu kabisa na mpaka wa Idaho. Lakini aliyefungwa Jumamosi atamkuta aliyemfunga Jumatatu ofisini, atamkuta kanisani, unakuta nyumba moja mtoto mmoja kasoma huku mwingine kule na mama ndo hajui avae rangi gani. Mtani wa jadi lazima awe karibu ili akuudhi vizuri. Rutgers wa New Jersey, naye wa Big Ten, yuko karibu kilomita 4,000 na masaa matatu ya tofauti toka UCLA, anamuudhi nani kule?

Na msidhani ni mambo ya wazungu tu. Henry Rono, Mnandi wetu, alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81. Ya mita 5,000 aliivunjia Berkeley, nyumbani kwa Cal. Ya kuruka viunzi na maji akaivunjia Seattle, nyumbani kwa watani wenyewe! Yaani mashindano ya hapo hapo magharibi, kwenye viwanja vya majirani, na dunia ikapigwa butwaa. Kabla yake alikuwepo Samson Kimobwa, rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, baadaye akapita Bernard Lagat, chuo hicho hicho cha kwenye ngano. Leo Cal yuko ACC, Washington yuko Big Ten, na Washington State wenyewe mwaka 2025 walitangaza wanaachana na michezo ya kurusha na kuruka, mbio fupi wanazipunguza, nguvu wanaziweka kwenye mbio ndefu.

Pendekezo langu: futiboli, hii yao ya helmeti, iende inakotaka, ndo inayoleta hela. Ila mpira wa wavu, riadha, kuogelea, softiboli, zirudi kucheza na majirani. Nipingeni.

Mdau wa Dallas

Nakupinga mchana kweupe mkuu. Mnalia Pac-12 kama vile ndo msiba wa kwanza. Huku Texas kulikuwa na Southwest Conference, tangu 1914, majirani watupu, mtu anaendesha gari anaenda kuangalia mechi anarudi usiku. Mwaka 1996 ikafa. Texas, Texas A&M, Baylor na Texas Tech wakaenda kuunda Big 12, na SMU wetu wa hapa Dallas, TCU, Rice na Houston wakaachwa barabarani. Huo ujirani ulimsaidia nani? Majirani zetu ndo walotuacha!

SMU wamezunguka konferensi moja hadi nyingine zaidi ya miaka 25. Ilipofika 2023 ACC wakawaambia njooni, ila hela ya TV ya konferensi hamtagusa miaka 9. Wakakubali, matajiri wa Dallas wakachanga, na msimu wa kwanza tu, 2024, wakafika fainali ya ACC na wakaingia mtoano wa kitaifa. Sasa mtu aje aniambie Dallas haina pwani. Haina, so what, mi nataka timu yangu icheze na wakubwa.

Alafu kichekesho, mwaka 1987 SMU walifutiwa msimu mzima wa futiboli kwa kosa la kulipa wachezaji. Tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kugawia wachezaji wao hela kihalali kabisa, mwaka wa kwanza mpaka dola milioni 20.5. Tulikuwa mbele ya muda tu.

Mdau wa Louisville

Mi sina shida na safari wala na hela, shida yangu ni hilo neno utamaduni. Nyie mnalitamka kirahisi sana. Kusini huku konferensi ya SEC ilikuwa na utamaduni mmoja safi kabisa, eneo moja, lafudhi moja, na mchezaji wa kwanza mweusi kucheza futiboli ya SEC alikuwa Nate Northington wa Kentucky, mwaka 1967. 1967 wakuu! Tanganyika ilishapata uhuru miaka 6 nyuma. Kwa hiyo mtu akiniambia tunalinda utambulisho wa eneo letu naanza kuangalia mlango uko wapi.

Na hata kwa dini. BYU ni chuo cha kanisa la Wamormoni, Jumapili hawachezi, hata iweje. Pac-12 ilipopanuka 2011 ikamchukua Utah, chuo cha jimbo hilo hilo la BYU, kama saa moja tu kwa gari, BYU akaachwa. Big 12 ikamchukua 2023 na Jumapili zake na mbingu haijaanguka, ratiba inapangwa tu. Kwa hiyo kumbe wasiofanana wanaweza kukaa pamoja.

Mleta mada

Mdau wa Louisville hapo tunasema kitu kimoja, rudia kunisoma. Mi sijasema walindwe wanaofanana, nimesema kuendana si kufanana. Mfano wako wa BYU na Utah ndo wangu kabisa, chuo cha kanisa na chuo cha serikali, hawafanani, wanachukiana vizuri sana, na ile mechi yao wanaiita vita takatifu. Na angalia ilivyotokea, upanuzi wa 2011 uliwatenganisha, upanuzi wa 2024 ukawakutanisha tena ndani ya Big 12. Texas na Texas A&M hivyo hivyo, A&M alihamia SEC 2012 mechi ikafa, Texas naye akafuata 2024, tarehe 30 Novemba wakacheza tena, Texas akashinda 17 kwa 7, ugenini. Kwa hiyo sipingi upanuzi wenyewe, napinga kupanuka bila kuangalia nani anabaki nyuma ya uzio. Maana Texas alivyohama aliondoka pamoja na Oklahoma, na Oklahoma akamuacha Oklahoma State, dabi yao ya Bedlam ikaisha 2023. Oklahoma State alishinda ile ya mwisho 27 kwa 24 kwa hiyo ana la kuringia mpaka Yesu arudi.

Mdau wa Dallas, wewe una kidonda cha haki. Lakini unachosema ni kwamba majirani waliwaacha kwa sababu ya hela, nawe dawa unayotoa ni hela. Sawa.

Mdau wa Columbus

Jamani futiboli ni burudani! Oktoba 2024 Oregon wamewapiga Ohio State 32 kwa 31 kule Eugene, mimi ni wa Ohio State nimelala na njaa siku ile, alafu Januari mosi tukakutana kwenye mtoano uwanja wa Rose Bowl tukawapa 41 kwa 21 na ubingwa wa taifa tukabeba. Mechi kama hiyo ya kwanza zamani ungeisubiri miaka. Saivi ni ratiba ya kawaida ya Big Ten. Fox, CBS na NBC walitia saini mwaka 2022 zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7, unadhani ni kwa ajili ya mama asiyejua avae rangi gani? Na hizo hela ndo zinalipia wavu na kuogelea kwako. Ukitenganisha, nani atalipa?

Mdau wa Eldoret

Mimi niko huku Kenya na nimesoma yote. Sasa nyinyi mnaongea mambo ya kuchukiana vizuri, sisi wazazi tunauliza kitu moja tu, skolaship iko ama haiko? Kijana yangu anakimbia mbio za nyika, ameandikiwa na makocha wawili, wote wanasema konferensi yetu ni kubwa. Kubwa inamsaidia nini kama kila wiki ako kwa ndege na masomo ya engineering inamngoja? Semeni ukweli tuelewe.

Mleta mada

Mzee karibu, swali lako limetuzidi wote. Bahati nzuri mtoto wako ni wa mbio, na mbio za nyika ndo zimeumia kidogo kuliko michezo mingine. Wakimbiaji hawachezi kila wiki na kila timu ya konferensi kama wavu, wanaenda mashindano machache wanayoyachagua wenyewe, konferensi inawakutanisha mara moja tu mwisho wa msimu. Na kufuzu fainali za taifa kunapitia kanda 9 zilizopangwa kwa ramani, siyo kwa konferensi. Oregon, Stanford, Washington na Washington State wametawanyika konferensi tatu tofauti lakini kanda ya Magharibi ikifika wanapanga mstari mmoja. Kwa hiyo ukiongea na hao makocha usiwaulize konferensi, waulize msimu uliopita walisafiri wapi na wapi, na nani anawasaidia wanafunzi na masomo wakiwa njiani. Na waulize skolaship ni kamili au nusu, iandikwe.

Na hapo hapo Mdau wa Columbus umepata jibu lako. Umesema haiwezekani kutenganisha, mbona mbio za nyika zimetenganishwa miaka yote? Kuhusu nani atalipa, bodi moja inayosimamia UCLA na Cal wote wawili iliamua 2024 kwamba UCLA amlipe Cal dola milioni 10 kwa mwaka kwa miaka mitatu, kisa ameondoka kwenda Big Ten akamuacha nduguye. Yaani aliyeolewa vizuri anatuma hela nyumbani. Ikiwezekana kugawana kufidia kuondoka, itashindikana vipi kugawana ili watoto wa softiboli wacheze karibu?

Mdau wa El Paso

Nachangia kidogo maana nipo kazini. UTEP, chuo chetu cha hapa El Paso alichosoma Suleiman Nyambui wetu, yule wa fedha ya mita 5,000 Moscow 1980, waliingia konferensi ya Conference USA 2005, na sisi El Paso hata saa zetu si za Texas, tunafuata saa za milimani pamoja na New Mexico. Kuanzia 2026 tunaenda Mountain West, konferensi ya milima ya magharibi, tunarudi kwa New Mexico, Wyoming, Air Force, watu tuliokuwa nao zamani kwenye konferensi ya WAC. Kwa hiyo siyo kila upanuzi ni kutawanyika. Ingawa wamemchukua na Northern Illinois kwa futiboli, milima ya Illinois sijawahi kuiona lakini haya.

Mdau wa Columbus

Poa, hoja ya kanda 9 nimeikubali kwa mbio za nyika. Ila msinidanganye kwamba mechi ya majirani isiyo na pointi za konferensi bado ina maana. Apple Cup ya Washington na Washington State imekuwa ya kirafiki tu.

Mleta mada

Ya kirafiki? Ile mechi ilizoeleka kuchezwa mwishoni mwa Novemba kwenye wiki ya sikukuu yao ya shukrani, 2024 ikasogezwa Septemba, ikapelekwa uwanja wa NFL, ligi yao ya kulipwa, hapo Seattle, haina pointi hata moja ya konferensi. Dakika za mwisho Washington ana mpira, yadi moja tu afunge ashinde, jaribio la mwisho, Washington State wakamzuia pale pale. 24 kwa 19. Nenda Pullman kaa baa yoyote mwambie mtu ile ilikuwa ya kirafiki, alafu rudi hapa utupe majibu.