Chama cha wakulima wa Marekani: kwa nini kilizimika mapema hivyo?

Mwanaushirika, Newala

Ndugu zangu, salaam. Katika AMCOS yetu, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, tumekuwa tukijadili historia ya wakulima walioingia kwenye siasa, na mjadala umetufikisha Marekani. Huko wakulima wa pamba wa kusini na wa ngano wa magharibi, waliobanwa na madeni, nauli za reli na bei zilizoshuka mwaka hadi mwaka, waliunda chama chao, People's Party, na katika uchaguzi wa 1892 mgombea wao James B. Weaver alipata kura zaidi ya milioni moja, akashinda Kansas, Colorado, Idaho na Nevada. Baada ya uchaguzi wa 1896 chama hicho kilikuwa hoi. Ni nini kilichokiua?

Mwalimu mstaafu, Masasi

Ndugu yangu, anza na deni. Mkulima wa pamba asiye na fedha alichukua mbegu, mbolea na unga dukani kwa mkopo, akaweka rehani pamba ambayo hata hajaipanda, na mwenye duka alimwandikia bei ya juu kuliko ya anayelipa taslimu. Aliyewahi kuona kangomba hapa kwetu, familia ikiahidi korosho zikiwa bado maua mtini ili ipate kiroba cha unga, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1889 Charles Macune, kiongozi wa Umoja wa Wakulima uliotangulia chama hicho, alipendekeza serikali ijenge maghala, mkulima aweke mazao yake humo, akopeshwe hadi asilimia 80 ya thamani yake kwa riba ya asilimia 1 kwa mwaka, kisha asubiri bei nzuri. Stakabadhi ghalani tuliyoanza nayo Mtwara msimu wa 2007/08 inashabihiana sana na wazo hilo. Bunge lao lilikataa, na kukataliwa huko kuliwasukuma wengi kuanzisha chama. Lakini mwaka 1896 chama cha Democratic kilimteua William Jennings Bryan, aliyenadi sarafu za madini ya fedha ili mzunguko wa pesa, uliofungamana na dhahabu, uongezeke na bei za mazao zipande, na wakulima wakakubali kumuunga mkono, huku wakimweka mtu wao, Tom Watson, kama mgombea mwenza. Bryan alishindwa na McKinley wa chama cha Republican. Kwa maoni yangu, waliyaacha maghala wakafuata sarafu, na wakabaki bila dai linalowatofautisha na chama kikubwa.

Mkulima wa ufuta, Nachingwea

Shikamoo, Mwalimu. Nakubali, ila umepita mbali na jambo zito. Umoja ule wa kusini haukupokea watu weusi, ndiyo maana wao waliunda umoja wao Texas mwaka 1886. Wachuma pamba weusi walipogoma mwaka 1891 kudai ujira bora, wenye mashamba weupe, wakiwemo wanachama wa umoja, waliwapinga, na huko Arkansas wagomaji waliuawa. Watson mwenyewe, aliyewaambia maskini weupe na weusi wa Georgia kwamba wanatenganishwa ili wanyonywe, baadaye aligeuka akaunga mkono weusi wanyimwe kura. Chama cha wakulima ambacho kibarua wa shambani hana nafasi ndani yake kingesimama kwa miguu gani?

Mchangiaji, Lindi

Baadaye bei za mazao nazo zilipanda. Dhahabu mpya ya Afrika Kusini na ya Klondike, Kanada, iliongeza pesa, hasira ikapoa. Madai yao mengine yalitimizwa bila wao: kodi ya mapato na maseneta kuchaguliwa na wananchi viliingia kwenye katiba mwaka 1913.

Mwanaushirika, Newala

Asanteni kwa michango. Mwalimu, naomba ufafanuzi mmoja: katika mpango wa Macune, bei isipopanda nani angebeba hasara?

Mwalimu mstaafu, Masasi

Marahaba, kijana wangu wa Nachingwea. Hoja yako ya vibarua naipokea. Kuhusu hasara, mkulima alipewa miezi 12 kuukomboa mzigo wake, na asipoukomboa ungepigwa mnada. Kwa hiyo usiufananishe na msimu wa 2018, serikali yetu iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kule serikali ingekopesha tu, na mzigo ungebaki mali ya mkulima hadi siku ya mnada.